Usimame wapi kwenye tamasha la wazi: mbele kabisa, kwa fundi wa sauti, au nyuma kwenye nyasi?

Tiketi ya kusimama kwenye tamasha la wazi haina namba ya kiti. Unapita getini, uwanja wote uko mbele yako, na vijana wengi hukimbilia moja kwa moja kwenye uzio wa mbele bila kujiuliza wanafuata nini. Wengine hufuata sura ya msanii, wengine mzuka wa umati, wengine wanataka kusikia gitaa la besi linavyotembea chini ya wimbo. Hayo matatu hayapatikani mahali pamoja.

Hapa tunalinganisha sehemu tatu. "Mbele" ni kuanzia uzio wa jukwaa hadi kama mita 10. "Katikati" ni kuzunguka hema la fundi wa sauti na mwenzake wa taa, ambalo kwenye viwanja vikubwa mara nyingi hukaa mita 30 hadi 40 kutoka jukwaani. "Nyuma" ni nyasi, mita 80 na kuendelea, mahali watu wanapotandika shuka na kukaa. Upande wetu tuuseme mapema: anayependa muziki wenyewe aende kwa fundi. Lakini kuna saa na hali ambazo jibu linabadilika.

Sauti: hapa ndipo tofauti ilipo

Spika kubwa unazoziona zimening'inia kushoto na kulia mwa jukwaa hazimlengi mtu wa mbele. Zimeinuliwa juu na kupindwa ili zipige kuanzia katikati hadi nyuma, na sehemu kubwa ya sauti yake inapita juu ya kichwa cha aliyeshika uzio. Anachosikia yeye ni mchanganyiko wa vitu vingine: spika ndogo zilizopangwa kwenye ukingo wa jukwaa, amplifaya za magitaa zilizo nyuma ya wanamuziki, drami zenyewe bila kupitia maiki, na sabufa zilizopangwa chini, mara nyingine hatua tatu tu kutoka kifuani mwake. Ndiyo maana mbele besi inakutikisa mbavu lakini maneno ya wimbo huyapati. Ukisimama pembeni mwa uzio ni mbaya zaidi: unasikia gitaa la upande wako, na kinanda cha upande wa pili kinakuwa kama hakipo.

Fundi hasikii hayo yote. Yeye anasawazisha mikisa, yaani mchanganyiko wa sauti zote za jukwaani, kwa masikio yake, kutoka pale alipo. Akiona sauti ya mwimbaji imezama anaipandisha hadi isikike kwake, na aliye hatua tano mbele yake anasikia karibu kitu kilekile. Hakuna sehemu nyingine uwanjani ambako sauti hupata mtu wa kuisikiliza na kuirekebisha dakika kwa dakika.

Kuna jambo moja dogo la kuangalia. Sabufa zikiwa zimewekwa mafungu mawili, kushoto na kulia, mawimbi yake hukutana kwa wakati mmoja kwenye mstari wa kati wa uwanja na kuongezeana nguvu. Ukihama mita chache pembeni, baadhi ya noti za besi hupungua ghafla, nyingine hubaki. Ukihisi besi imezidi, usilaumu bendi kwanza. Jongea mita 3 au 4 kulia au kushoto usikilize tena. Sabufa zikiwa zimepangwa mstari mmoja mbele ya jukwaa lote, tofauti hiyo huwa ndogo.

Nyuma mambo yanaamuliwa na umbali na hewa. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, hivyo ukiwa mita 100 kutoka jukwaani inakufikia imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Mtazame mpiga drami: kijiti kinashuka, kinagusa ngozi, kinaanza kupanda tena, ndipo mlio unafika. Wengine wanazoea baada ya nyimbo mbili, wengine inawaudhi usiku kucha.

Kwa sababu hiyo viwanja vikubwa huwekewa minara ya spika katikati ya uwanja, na sauti inayotoka humo hucheleweshwa makusudi ili itoke pamoja na ile inayofika kutoka jukwaani. Mnara ulio mita 70 kutoka jukwaani hucheleweshwa takriban sekunde 0.2, na mafundi huongeza elfu chache za sekunde juu yake ili sikio liamini kwamba sauti inatoka jukwaani na si kwenye mnara. Kwa mtu wa nyasi hesabu hii ina maana moja: kaa mita 10 hadi 20 nyuma ya mnara, upande uliotazamwa na spika zake. Ukikaa upande wa jukwaa, karibu na mgongo wa mnara, unapata mngurumo wa besi wa mnara na maneno ya mbali ya jukwaa. Ukikaa pembeni kabisa, kati ya minara miwili, unaweza kusikia kila pigo la ngoma mara mbili.

Halafu kuna joto, na hili wengi hawalijui. Mchana wa kiangazi ardhi imeiva, hewa iliyo karibu nayo ina joto kuliko ya juu. Sauti hukimbia zaidi kwenye hewa yenye joto, kwa hiyo sehemu ya chini ya wimbi hutangulia ile ya juu na wimbi zima hupinda kuelekea angani. Linapita juu ya vichwa vya watu wa nyasi. Jua likizama na ardhi ikapoa, hali hugeuka: wimbi hupinda kuja chini, na nyasi zilezile zilizokuwa kimya saa 9 alasiri zinasikia kila kitu saa 3 usiku. Upepo nao hufanya kazi yake. Ukivuma kwa mafungu, sauti nyembamba za matoazi na za herufi kama "s" huja na kupotea kama redio yenye antena mbovu. Besi haijali sana upepo.

Kwa hiyo bendi ya mchana isikilize kutoka karibu, na ukitaka kukaa nyuma, subiri jua lizame.

Usihukumu mahali kwa wimbo wa kwanza. Kwenye tamasha lenye wasanii wengi, bendi mara nyingi haipati muda wa kufanya mazoezi ya sauti. Mafundi huhakikisha tu kwamba kila maiki inafanya kazi, kisha shoo inaanza. Usawazishaji wenyewe hufanyika wimbo wa kwanza na wa pili ukiendelea. Kwenye shoo ya msanii mmoja, mazoezi yalifanyika mchana uwanja ukiwa mtupu, na maelfu ya watu wakishaingia, miili na nguo zao hunyonya sauti nyembamba, kwa hiyo hata hapo fundi huwa na kazi ya kurekebisha. Mpe nyimbo tatu kabla hujahama.

Kuona

Mbele unaona jasho, vidole kwenye nyuzi, wanavyokonyezana kabla ya kubadili mpigo. Huoni drami zilizo nyuma, na jukwaa likiwa juu kuliko kichwa chako unatazama juu muda wote; shingo itakukumbusha kesho yake. Skrini na michoro ya taa haikuhusu, kwa kuwa uko chini yake.

Taa hupangwa na fundi aliye katikati, kutoka katikati. Picha nzima iko pale. Tatizo la katikati ni moja: watu warefu. Mfupi asimame mahali uwanja unapoinuka hata kidogo, na asijipange nyuma ya hema, kwa kuwa hema na nguzo zake hufunika nusu ya jukwaa.

Nyuma unatazama skrini, na hapo kuna kitu cha kufurahisha kidogo. Picha ya kamera huchelewa katika mitambo kabla ya kutokea kwenye skrini. Kwenye mfumo wa picha 25 kwa sekunde, kila picha moja ya kuchelewa ni sekunde 0.04, muda ambao sauti husafiri karibu mita 14. Skrini ikichelewa kwa picha tatu, mdomo wa mwimbaji kwenye skrini na sauti yake vitalingana kwa mtu aliye kama mita 40, yaani tena jirani na fundi. Aliye mbele kabisa husikia neno kabla skrini haijafungua mdomo.

Msongamano

Mbele haichaguliwi kwa mapenzi tu, inachaguliwa pia kwa kujijua. Watu wawili kwenye mita moja ya mraba wanapishana bila shida. Wakiwa wanne mabega yanagusana. Wakifika sita au saba, hakuna tena mtu anayeamua anakwenda wapi: umati unasogea kama maji, na msukumo ulioanzia nyuma unawafikia walio kwenye uzio ukiwa umejikusanya. Wanaokufa katika hali hiyo kwa kawaida hawakanyagwi. Kifua kinabanwa hadi pumzi haiingii. Kwenye tamasha la Roskilde nchini Denmark mwaka 2000 walikufa watu 9 mbele ya jukwaa, na Astroworld huko Houston, Marekani, mwaka 2021 walikufa 10, wengi wao vijana.

Kipimo rahisi: jaribu kuinua mkono wako kutoka kiunoni hadi usoni. Ukishindwa bila kumsukuma mtu, muda wa kutoka ulishapita na unapaswa kuanza kutoka sasa. Fanya hivi:

Weka mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, mikono iliyokunjwa mbele ya kifua kama bondia, ili mbavu zipate nafasi ya kupanuka. Wimbi la watu likija, usishindane nalo, nenda nalo. Likitulia, kabla halijarudi, piga hatua mbili au tatu za mshazari kuelekea pembeni. Subiri wimbi lingine, rudia. Kwenda kinyume moja kwa moja kunakumaliza nguvu. Simu ikianguka, iache. Mtu akianguka, mnyanyueni mara moja mkiwa wawili. Ukianguka wewe na ukashindwa kuinuka, lala kwa ubavu, magoti kifuani, mikono kichwani. Ukiwa karibu na uzio, inua mikono yote miwili na umtazame mlinzi machoni. Mabaunsa wa pale hawapo kukuzuia tu, kazi yao nyingine ni kuvuta watu juu ya uzio.

Katikati msongamano ni mdogo, na kuna nafasi moja ambayo wazoefu huiwahi kimyakimya: kuegemea uzio wa mbele wa hema la fundi, mgongo ukiwa kwenye hema, uso ukitazama jukwaa. Nyuma yako hakuna umati, kuna hema, kwa hiyo hakuna wa kukusukuma mgongoni. Una pa kuegemea miguu ikichoka. Na sauti ni ileile ya fundi. Kwa anayekuja tamashani mara ya kwanza, au mwenye hofu ya kubanwa, hatujui nafasi bora kuliko hiyo. Nafasi zenyewe ni kama kumi na mbili hivi, kwa hiyo fika kabla msanii anayemtangulia yule mkuu hajamaliza.

Mwili: maji, jua, miguu

Piga hesabu kabla. Geti likifunguliwa saa 8 mchana na msanii mkuu akipanda saa 3 usiku, nafasi ya uzio inakugharimu saa 7 za kusimama, bila choo, kwenye jua. Ukitoka, umeipoteza. Kosa la kawaida la watu wa mbele ni kutokunywa maji ili wasiende chooni. Hapo ndipo wanapoanza kuanguka, mara nyingi saa moja au mbili kabla ya shoo waliyoifuata. Kunywa kidogo kidogo, kama nusu lita kwa saa kwenye joto, na kula kitu chenye chumvi siku ikiwa ndefu. Kunywa lita kadhaa kwa mkupuo si dawa. Maji mengi mno bila chumvi nayo huumiza.

Kuzimia mbele hakutokani na joto peke yake. Ukisimama wima magoti yamekazwa, damu hubaki miguuni. Kunja magoti kidogo, panda kwenye vidole vya miguu mara kumi kila dakika chache. Ukianza kuona giza pembeni mwa macho, chuchumaa au omba kutolewa. Usisubiri wimbo uishe.

Losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, ipakwe tena kila baada ya saa 2, na watu husahau masikio, shingo kwa nyuma na mstari wa nywele. Mbele vaa kepi, kofia pana itakugombanisha na walio nyuma. Viatu viwe vya kufunika vidole, vya kamba, na visiwe vipya.

Nyasi zinashinda hapa bila ubishi. Una kivuli cha kutafuta, choo ni safari ya dakika tano, na ukirudi shuka lako bado lipo. Kinachowasahaulisha watu wa nyuma ni usiku: mchana uliunguza, jioni umande unashuka, na shuka jembamba linalowa. Chukua kitu cha plastiki cha kuweka chini na nguo ya mikono mirefu. Kwa mvua chukua koti, si mwavuli. Mwavuli unawafunika wengine na mara nyingi hauruhusiwi getini.

Masikio

Kiwango cha usalama wa masikio kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Ukihesabu hadi 100 unabaki na dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kumbi na matamasha yasizidi wastani wa desibeli 100 zikipimwa kwa dakika 15, na mbele ya spika si ajabu kufika hapo. Kwa hiyo vizibo vya masikio ni vya lazima mbele, vinashauriwa sana katikati, na nyuma inategemea ulivyokaribia mnara.

Vizibo vya sponji ni rahisi na vinakata sauti nyingi, lakini vinakata zaidi zile nyembamba, kwa hiyo mwimbaji anasikika kama yuko nyuma ya mlango. Vyenye kichujio, vinavyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, hupunguza sauti zote karibu sawa, kama desibeli 15 hadi 20, na wimbo unabaki wimbo. Kwa mtu wa katikati tunashauri vya kichujio. Kwa mtu wa uzio, hasa aliye mbele ya sabufa, sponji iliyowekwa vizuri inamtosha.

Na wengi hawaiweki vizuri. Sokota sponji kati ya vidole hadi iwe nyembamba kama njiti, bila mikunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza, kisha shikilia kwa kidole sekunde 30 sponji ikivimba. Ukiwa unaiona yote kwenye kioo imejitokeza nje, haijaingia. Pamba na karatasi ya chooni hazisaidii chochote cha maana. Watoto wavishwe vikinga vya kufunika sikio lote, na wakae nyuma.

Masikio yakipiga kengele baada ya shoo, ni dalili kwamba kiwango kilizidi. Kengele isipoisha siku ya pili, au sikio moja likifa ghafla, nenda kwa daktari bila kungoja.

Wenzako na simu

Mbele mkipotezana, mmepotezana. Mtandao hujaa, ujumbe wa intaneti hukwama, na simu inayotafuta mawimbi muda wote inakula chaji. Ujumbe mfupi wa kawaida hupenya mara nyingi zaidi. Kubalianeni mapema mahali na saa: "nguzo ya tatu ya uzio wa kulia, wimbo wa mwisho ukiisha" ni bora kuliko "karibu na choo", kwa sababu watu wote wamesema choo.

Uchague kipi

Huna lazima ya kuchagua mara moja kwa siku nzima, na hili ndilo ambalo wageni hulikosa. Tamasha lenye wasanii wengi linakuruhusu kukaa mbele kwa bure: bendi ya mchana isiyojulikana sana, dakika 20 kabla haijaanza, unatembea hadi kwenye uzio bila kumgusa mtu, unawaona kwa karibu, na saa hizo ndizo nyasi hazisikii kitu. Zikiisha, toka kunywa maji. Jioni hamia kwa fundi kwa msanii uliyemfuata. Ukiwa na watoto au miguu imechoka, nenda nyuma ya mnara jua likishazama.

Uzio wa usiku uuchague kwa msanii mmoja tu, yule ambaye nyimbo zake unazijua kiasi kwamba huhitaji kuzisikia vizuri. Na siku hiyo jua kwamba utakuwa wa mwisho kutoka. Watu wa nyasi wakikunja shuka wakati wa wimbo wa kuongezea, watafika getini wakati wewe bado unasubiri safu ya nyuma yako isogee. Usisukume. Kaa ukingoni, nyoosha miguu, watazame mafundi wakikunja nyaya. Baada ya dakika 20 njia itakuwa wazi.